Kangomba huanza Februari

Kila Oktoba, minada ya korosho inapokaribia, viongozi wa wilaya za kusini mwa Tanzania hupanda majukwaani kuwaonya wanunuzi wa kangomba, wanaonunua korosho za wakulima kwa bei ya chini nje ya minada rasmi. Vizuizi huwekwa barabarani, pikipiki zenye magunia husimamishwa usiku, watu hukamatwa. Onyo ni la haki, ila limechelewa miezi minane. Sehemu kubwa ya korosho inayofukuzwa Oktoba ilishauzwa Februari, mti ukiwa haujatoa hata ua, na aliyeiuza alikuwa na sababu isiyoonekana kutoka kwenye kizuizi.

Kangomba iko ya aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu mjadala. Ya kwanza ni ya msimu. Mtu ameokota korosho zake, ana mgonjwa au ana deni dukani, hawezi kusubiri mnada. Anauza kwa kopo au bakuli kwa bei ya chini. Hiyo inaumiza, lakini mkulima anajua anachouza. Ya pili ni ya kuuza korosho zikiwa bado hazipo, au kuweka mikorosho yenyewe rehani. Hapo mkulima hauzi korosho. Anakopa, na riba imefichwa ndani ya bei.

Tuichukue familia ya kawaida pembezoni mwa mji wa Newala, mkoani Mtwara. Ina mikorosho 100. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayoshauriwa na watafiti, ekari moja huingia miti 28 hivi, kwa hiyo hilo ni shamba la ekari tatu na nusu na ushee. Mashamba ya mababu hayakupandwa kwa kamba, miti imebanana, lakini tuache hivyo. Tuseme mti unatoa kilo 8. Jumla ni kilo 800, yaani magunia 10 ya kilo 80. Tuseme tena kwamba baada ya makato yote mkulima anabakiwa na shilingi 2,700 kwa kilo. Ni shilingi 2,160,000, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo fedha taslimu ya mwaka mzima.

Sasa ije Februari. Familia inahitaji shilingi 120,000. Mnunuzi anatoa kwa hesabu ya shilingi 1,200 kwa kilo, atalipwa kilo 100 msimu ukifika. Novemba kilo hizo 100 zina thamani ya shilingi 270,000. Kwa miezi tisa familia imelipa 150,000 juu ya mkopo wa 120,000, asilimia 125. Hakuna benki inayothubutu kuandika riba hiyo kwenye karatasi. Bei ya mnada ikipanda, kama ilivyotokea msimu wa 2024/25 ilipovuka shilingi 4,000, riba nayo inapanda bila mtu kusaini chochote kipya. Ndiyo maana bei nzuri peke yake haimtoi mkulima kwenye kangomba. Inamnufaisha zaidi aliyenunua mapema.

Kwa nini Februari? Ramani ya mwaka iko wazi kwa yeyote aliyeishi kusini. Malipo ya minada huingia kati ya Oktoba mwishoni na Desemba, mara nyingine Januari. Fedha inafika kwa mkupuo, na matumizi nayo yanafika kwa mkupuo: bati, pikipiki, godoro, madeni ya dukani, sherehe za jando na unyago. Wachuuzi wa nguo na vyombo hufuata msimu kutoka mikoani mpaka Newala na Tandahimba, na bei za mjini hupanda. Januari shule zinafunguliwa. Ada imefutwa, lakini sare, madaftari na michango havijafutwa. Februari na Machi mahindi yako shambani, machanga, na ghala la nyumbani limekwisha. Mkoa wa Mtwara una mvua za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo hakuna mavuno ya vuli ya kuziba pengo. Muhogo unasaidia tumbo, lakini haununui sare.

Wengi hudhani pengo la Februari ndilo la mwisho. Lipo la pili, na kwangu mimi ndilo baya zaidi, kwa sababu linakula mavuno yenyewe. Ni la Mei mpaka Agosti, wakati wa palizi na salfa, dawa ya unga inayopuliziwa mikorosho.

Ubwiriunga ni ukungu mweupe unaoshambulia majani machanga na mashada ya maua wakati wa baridi na umande, Juni hadi Septemba. Ukishika ua, ua linakauka na korosho haifungi. Salfa haitibu kilichokwisha kuungua. Inazuia. Hivyo mpulizo wa kwanza unatakiwa maua yanapoanza kuchomoza, kisha kila baada ya siku 14, mara nne au tano kulingana na hali ya hewa. Kipimo ni robo kilo kwa mti kwa mpulizo. Familia yetu ya miti 100 inahitaji mfuko mmoja wa kilo 25 kwa kila mzunguko, mifuko minne au mitano kwa msimu.

Serikali imekuwa ikigawa salfa kwa ruzuku kwa wakulima walioandikishwa, na hilo limesaidia sana. Lakini mfuko wa salfa ukifika nyumbani hauendi shambani wenyewe. Kwanza chini ya miti pafyekwe na kufagiliwa, la sivyo mashine haipiti na Oktoba korosho hazionekani kwenye majani. Kibarua wa palizi analipwa taslimu. Mashine ya kupulizia ya kubeba mgongoni wanayo wachache. Wengine hukodi, pamoja na mpulizaji wake. Mashine hiyo inatumia petroli iliyochanganywa na oili, na petroli haina ruzuku.

Kazi yenyewe hufanyika alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado uko kwenye majani. Mpulizaji anasimama upande upepo unakotoka, anaelekeza bomba chini ya mwavuli wa mti, vumbi la njano linapanda polepole kupitia matawi na kunata kwenye maua yenye unyevu. Jua likishapanda na upepo kuanza, salfa inakwenda kwa jirani. Mpulizaji mmoja mwenye wateja kumi hawezi kuwahudumia wote alfajiri moja, na anayelipa kwanza ndiye anayepuliziwa kwanza. Asiye na fedha Juni anasubiri. Akisubiri wiki tatu, mashada ya kwanza, ambayo ndiyo yangetoa korosho za daraja la kwanza, yameshaungua.

Hapo mnunuzi anarudi kwa sura nyingine: nitakupulizia shamba, utanilipa korosho. Au mkulima anauza mifuko miwili ya salfa ya ruzuku ili apate petroli ya kupulizia mitatu iliyobaki. Hilo la mifuko ya ruzuku kuuzwa mitaani si siri, na kila mwaka linatolewa maelezo kwamba wakulima hawana uaminifu. Mimi naliona ni hesabu tu. Ukimpa mtu pembejeo bila fedha ya kuitumia, sehemu ya pembejeo itageuzwa kuwa fedha.

Mzunguko unajifunga hapo. Palizi hafifu na mipulizo miwili badala ya minne vinashusha mavuno. Mavuno yakishuka, deni la kilo 100 linabaki palepale. Desemba inabaki kidogo, na Februari inakuja mapema zaidi.

Malipo ya mkupuo hayakuwapo tangu mwanzo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mzigo wa mkulima hukaa ghalani kwa stakabadhi ukisubiri kuuzwa, ulipoingia kwenye korosho msimu wa 2007/08, kwa sheria ya mwaka 2005, mkulima alilipwa kwa awamu. Chama cha msingi kilikopa benki, kikatoa malipo ya awali siku ya kupima, kisha malipo ya pili baada ya mauzo, na ikibaki ziada, majaliwa. Kwa familia ulikuwa mpangilio mzuri: fedha ilitawanyika. Tatizo lilikuwa juu. Malipo ya awali yalitolewa kwa bei dira, yaani bei ya kukadiria, kabla mnada haujasema lolote. Soko likianguka, chama kimeshagawa fedha ya benki, riba inatembea, na malipo ya pili yanayeyuka. Aprili 2013 Liwale, mkoani Lindi, wakulima waliopewa malipo ya pili chini ya walivyotarajia walichoma nyumba za viongozi wa ushirika na wanasiasa. Baadaye malipo ya awali yakaachwa, mkulima akawa analipwa mara moja baada ya mnada, moja kwa moja benki. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa mahesabu ya vyama. Lakini pengo lililokuwa likizibwa na malipo ya awali na majaliwa lilibaki wazi, na aliyeliziba hakuwa benki wala chama.

Msimu wa 2018/19 ulionyesha jinsi kangomba ilivyoshonwa ndani ya mfumo. Wakulima waligomea bei za mnada, Rais Magufuli akatangaza Novemba kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 na jeshi litasomba. Kisha ukaja uhakiki: alipwe mwenye shamba tu, mwenye kangomba asilipwe. Nia ilieleweka. Ila korosho ya kangomba haiingii ghalani kwa jina la mnunuzi. Inaingia kwa jina la mkulima, mara nyingi yuleyule aliyekopa, kwa akaunti yake. Anapolipwa, anatoa fedha na kumpelekea mdai. Timu za uhakiki zilikuwa zinatafuta watu wasio na mashamba, kumbe nyaraka zilikuwa za watu wenye mashamba kabisa. Matokeo yake malipo yalichelewa kwa wengi hadi mwaka uliofuata, na aliyesubiri zaidi ya uwezo wake akaenda kukopa kwa nani? Kwa mnunuzi huyohuyo.

Twende kwenye mizani, kwa sababu hapo nako fedha inavuja bila kangomba. Korosho haichumwi mtini. Inaokotwa ikishaanguka, kila siku au kila baada ya siku mbili tatu, inatenganishwa na bibo, yaani tunda lake, na kusafishwa mabaki ya nyama. Kisha inaanikwa juani siku mbili hadi tatu. Kavu inajulikana: ukizitikisa zinalia, na ukucha hauachi alama kwenye ganda. Unyevu usizidi asilimia 10. Mkulima mwenye haraka anaanika siku moja na kupeleka ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Karani akiipokea mbichi, uzito wake utapungua kabla haijafika ghala kuu, na upungufu huo, ndio unaoitwa unyaufu, mtu lazima aubebe. Mara nyingi wanaubeba wakulima wote, pamoja na aliyeanika siku tatu. Gunia nalo lina uzito wake, kama kilo moja. Anayepima magunia 10 bila kuuliza gunia tupu limekatwa ngapi amekubali lolote. Korosho zilizokaa chini wiki nzima kwenye mvua za kwanza hupata madoa na kushuka daraja, na shehena inayochanganya nzuri na mbaya hupewa bei na mbaya wake.

Baada ya mizani inakuja orodha ya malipo. Mnada siku hizi unafanyika kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, bei zinaonekana, na manung'uniko ya bahasha za siri za zabuni yamepungua. Fedha ikishalipwa na mnunuzi inakwenda chama kikuu cha ushirika, kwa Newala na Tandahimba ni TANECU, hadi AMCOS, hadi akaunti ya mkulima. Kinachokwamisha katika hatua ya mwisho ni vitu vidogo mno: tarakimu moja ya akaunti imekosewa, jina la kitambulisho halifanani na la benki, au akaunti imelala kwa sababu haijaguswa tangu msimu uliopita. Malipo yanarudi, orodha inarekebishwa, wiki mbili tatu zinapita. Dawa yake haina gharama. Septemba, kabla ya kupima gunia la kwanza, weka hata shilingi elfu tano kwenye akaunti ili iamke, kisha nenda kwa karani ukasome jina na namba yako kwa macho yako. Usisomewe.

Suala la jina linanipeleka ndani ya nyumba. Kwa Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ilikuwa ya ukoo. Mti ulikuwa wa aliyeupanda. Mkorosho ni zao la miaka mingi, na ndio ulioanza kugeuza mirathi: baba aliyepanda alitaka miti iende kwa mwanawe, siyo kwa mpwa wake kama mila ilivyotaka. Mvutano huo haujaisha. Leo daftari la wakulima linadai jina moja kwa shamba, na mara nyingi linaandikwa la mwanamume, hata pale ambapo miti 40 kati ya 100 ni ya mkewe, aliyoachiwa na mama yake. Fedha ikiingia, inaingia kwenye simu moja. Anayebeba Februari, yaani chakula, maji na sare, ni mama. Na maji Newala siyo jambo la kupita, mji uko juu ya uwanda wa Makonde na kiangazi ndoo hununuliwa. Anayeona ujumbe wa benki Novemba ni mwingine. Familia zilizoandikisha miti kwa majina mawili, kila mmoja na akaunti yake, zimepata kinga fulani dhidi ya mkupuo: mmoja akinunua pikipiki, fedha ya mwingine bado ipo. Sheria haikatazi. Ni kazi ya kwenda kwa karani na ofisa wa kilimo kabla uhakiki wa daftari haujafungwa.

Nini kifanyike? Kuna jambo moja ambalo halihitaji serikali hata kidogo. Vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na vingine vya namna hiyo, vingi huvunja mwaka Desemba na kugawana. Desemba kusini ndio mwezi ambao kila mtu ana fedha. Kikundi kinatoa akiba siku ambayo haihitajiki na kuanza upya, sanduku likiwa tupu, Januari. Wakisogeza mgawo, nusu wavunje Februari na nusu Juni, akiba ileile inafanya kazi mbili: inakaa mbali na msimu wa matumizi, na inakuta petroli ya mpulizo wa kwanza. Hata mikopo ya ndani inakuwa salama zaidi, kwa sababu marejesho yanaangukia Novemba.

Ufuta ni njia nyingine, kwa wenye nafasi. Huvunwa Mei na Juni na kuuzwa Juni na Julai, kwa stakabadhi ghalani pia. Fedha yake inatua pale hasa salfa inapohitajika. Masasi na Nachingwea wanaufaidi. Juu ya uwanda wa Newala ni vigumu, kwani ufuta hautaki kivuli na mikorosho imeshafunga mashamba. Wanaoweza hukodi sehemu mabondeni kuelekea mto Ruvuma. Mbaazi huja baadaye, Agosti na Septemba, ikiwa imechelewa kwa mipulizo ya mwanzo.

Wengine watasema dawa ni miti bora. Ni kweli kwamba mingi imezeeka, na kituo cha utafiti cha Naliendele kina aina zinazozaa vizuri. Kubebesha si kazi ngumu: mti mkongwe hukatwa ukabaki kisiki cha nusu mita au zaidi kidogo, machipukizi yanatoka, mawili matatu yenye nguvu yanabaki na kubebeshwa kikonyo cha aina bora. Ila kwa miaka miwili mti huo hautoi kitu cha maana. Familia iliyokwisha kuuza kilo 100 za mbele haiwezi kukata miti 100, wala 30. Inaweza kukata 10 kwa mwaka, ikianzia ile inayotoa chini ya kilo mbili, na hata hiyo 10 inataka mwaka usio na deni.

Linalobaki ni mkopo halali, na hapa najua wengi watakumbuka Liwale. Tofauti ni hii: malipo ya awali yalikopesha juu ya bei isiyojulikana na kwa kila mtu. Mkopo wa msimu unaweza kukopesha juu ya kumbukumbu. AMCOS leo ina orodha za malipo za misimu iliyopita. Inajua mkulima alileta kilo ngapi kila mwaka. Chukua wastani wa misimu mitatu, piga kwa bei ya chini kabisa iliyowahi kulipwa katika misimu hiyo, kisha kopesha si zaidi ya sehemu moja ya tano ya hapo. Familia yetu ya kilo 800, bei ya chini tuseme 1,800, inapata kiwango cha juu cha shilingi 288,000. Itolewe mara mbili: nusu Februari mkononi, nusu Juni ikiwa imelipwa moja kwa moja kwa mpulizaji na kituo cha petroli. Ikatwe kwenye malipo ya mnada wa kwanza ambao mkulima amepeleka mzigo, kabla fedha haijaingia benki. Riba ya asilimia 15 kwa miezi tisa ingekuwa shilingi 43,200. Kwa kiasi hichohicho mnunuzi wa kangomba wa mfano wetu anachukua 360,000.

Hatari zipo. Mkulima anaweza kuchukua mkopo AMCOS hii na kupeleka korosho AMCOS jirani kwa jina la shemeji. Ndiyo sababu makato yafungwe kwenye chama kikuu, kupitia namba ya mkulima, badala ya chama cha kijiji. Mwaka wa ukungu mbaya wengi watapungukiwa kwa pamoja, na chama lazima kiwe kimetenga mfuko wa dharura, si kuhamishia deni mwaka ujao kimyakimya. Na kiongozi wa AMCOS ambaye yeye mwenyewe ananunua kangomba, na wapo, hatalipenda wazo hili likija kwenye ajenda. Kwa hiyo lipelekwe na wanachama, kwenye mkutano mkuu wa kabla ya msimu, likiwa na jedwali la kilo za misimu mitatu limebandikwa ukutani, na majina ya wanaodaiwa na wanaodai yakisomwa kwa sauti.